Klachi ya Mahari

Jumapili, 21 Agosti 2022

Punda. Nimejiambia nikae chini, ninywe chai, niandike kwa utulivu, lakini kila nikishika kalamu neno ni hilo hilo — punda! Wanne. Wamefungwa kamba kwenye bampa ya pikapu yangu, wameivuta kutoka mchangani huku ukoo mzima wa wakwe umesimama uani unatazama kama sinema.

Kaka Modiri aliporudi jana hakusema punda. Alisema, "Gari lilipata joto kidogo, mdogo wangu. Wakwe wakatupa msaada." Kisha akaomba chakula. Shangazi Boitshoko, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyenifuata jikoni na habari kamili. Klachi iliungua. Injini ikachemka. Harufu ikafika ukweni kabla ya wageni. Mzee Kelebonye, mjomba wa binti, akatoka, akatazama, akapiga mluzi mmoja — na punda wakaja wenyewe, kana kwamba walikuwa wameshaambiwa.

Posa imekubaliwa, hilo nashukuru. Molefhi wangu atamwoa Sethunya wake. Lakini masharti! Ng'ombe wanane na kondoo mmoja, wafike Jumamosi tarehe 24 Septemba kabla jua halijachomoza. Jua likiwakuta nje ya zizi wanarudishwa, na mazungumzo yanaanza upya mwakani. Halafu Kelebonye akaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake: "Mkihitaji punda, semeni mapema tuwalishe."

Mimi sikuwepo. Mama wa bwana harusi hakanyagi ukweni siku hizo, hiyo ni kazi ya wajomba na mashangazi. Kwa hiyo: mtoto nimezaa mimi, ng'ombe nimefuga mimi, pikapu naihudumia mimi. Heshima ya kuingia getini ni ya Modiri. Na aibu ya punda? Hiyo wameniletea nyumbani, bado ya moto.

Jumatano, 24 Agosti

Kwa fundi Zibani. Amefungua boneti, amefunga, amevua kofia.

"Mama Molefhi, injini hii imekufa mara mbili. Mara ya kwanza kwa joto, mara ya pili kwa aibu."

Kichwa cha injini kimepinda. Ya petroli hiyo, imezeeka, na mchanga hauna huruma kwa wazee. Zibani anayo ya dizeli, imetoka kwenye lori dogo lililopinduka na kabichi njia ya Serowe. Lori limeisha, injini nzima. Nikamwambia aiwashe hapo hapo chini, imefungwa kwenye matairi mawili. Ikanguruma kama fahali aliyeona uzio umeanguka. Nimeipenda.

Modiri alikuwa amesimama pembeni, anapumzisha goti lake lililoumia mgodini. "Si ukodi lori tu, siku moja?"

Lori! Kila mtu kule ameiona pikapu hii ikivutwa. Na aione ikivuta.

Jumatatu, 29 Agosti

Hesabu ya leo haina raha. Injini ni ya lori, giaboksi ni ya pikapu. Hawajuani kabisa. Kwa nje Zibani amekata bamba la chuma la kuwaunganisha, hilo limekubali. Ndani ndiko kwenye maneno.

Flaiwili ya dizeli, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inataka sahani ya klachi ya milimita 275. Shafti ya giaboksi yangu ina meno 21. Sahani ya lori inakaa kwenye flaiwili kama imezaliwa pale, lakini tundu lake la katikati lina meno kumi manene. Haiingii kwenye shafti hata kwa nyundo. Sahani ya pikapu inaingia kwenye shafti vizuri, lakini ni ya milimita 224. Juu ya flaiwili ile ni kisosi juu ya sinia.

"Kwa hiyo tunatafuta mshenga," nikasema.

Zibani akacheka mpaka andazi likamtoka mkononi. Lakini ndivyo! Mtu wa kati. Kwa nje aongee lugha ya injini, kwa ndani lugha ya giaboksi. Akishika sana, vita. Akilegea, harufu.

Kuna karakana Francistown wanaotengeneza. Wanachukua kitovu cha meno 21, wanakipiga ribiti kwenye sahani ya 275. Tatizo wanauliza: sahani ya aina gani? Na presha pleti ya kuibana iwe ya nguvu kiasi gani? Nikasema nitawapigia.

Alhamisi, 1 Septemba

Siku tatu sijalala vizuri kwa sababu ya duara la chuma.

Kuna sahani ya nyuzi. Laini, inapokea taratibu, inakusamehe. Lakini kwenye mchanga, ukiinyonganyonga sana, inaungua — ndiyo iliyokuwepo, ndiyo iliyoita punda. Kuna sahani ya vigae. Vipande sita vigumu vya rangi ya shaba. Haijali joto. Ila haina katikati: imeshika au haijashika.

Presha pleti, ile inayoibana sahani, nazo ni mbili. Moja inabana kwa kilo 550, nyingine 820.

Nimekaa na kalamu. Pikapu kilo 1,600. Trela 600. Ng'ombe wanne 1,500 — wanne wengine tumenunua kule kule kwa jirani yao, watatembea wenyewe. Kondoo 50. Wajomba watatu na matumbo yao, 260. Jumla 4,010. Na siku ya punda pikapu ilikuwa haina trela! Ilikuwa na watu wanne na debe la sukari. Sasa mtu aniambie ninunue ya nyuzi.

Zibani ameniambia ninunue ya nyuzi. "Nyuzi nene, Mama, na presha ya kati. Ya vigae na 820 ni klachi ya trekta. Itakurusha. Na mguu utalalamika."

Mguu! Mguu huu umekanyaga cherehani miaka kumi na moja, sare za shule za nusu ya Letlhakane. Haujawahi kulalamika.

"Sawa," akasema. "Mguu ni wako."

Modiri akauliza kama inapatikana ya rangi nyekundu.

Nimepiga simu Francistown. Vigae. 820.

Jumamosi, 3 Septemba

Molefhi amepiga simu kutoka kazini Gaborone. Anauliza mambo yanaendaje. Nimemweleza kuhusu meno 21, nusu saa nzima. Akasema, "Mama, nilikuwa nauliza kuhusu harusi."

Ndiyo hiyo harusi, mwanangu.

Jumatano, 14 Septemba

Imefungwa! Imewashwa! Imeruka!

Nimekaa mwenyewe kwenye usukani. Nikakanyaga — nzito, kweli, kama kusukuma jiwe la kusagia — nikaweka gia, nikaachia polepole. Hakuna polepole. Pikapu ikaruka kama imeng'atwa na nge. Zibani akaruka upande wake. Birika la chai likaruka, na hilo halikuwa hata ndani ya gari.

"Nilisema," Zibani akasema, anafuta suruali.

Jaribio la pili nikaijua. Unaachia upesi, mafuta kidogo sana, usiionee aibu. Ni kama kumwambia mtu ukweli: sema mara moja, usizunguke. Nikapakia tangi la maji la lita elfu mbili kwenye trela, nikaenda kwenye ule mchanga nyuma ya uwanja wa ndege, pale ambapo hata trekta ya halmashauri husali kwanza. Nikapita. Nikarudi. Nikapita tena kwa kiburi tu.

Nikashuka, nikainama, nikanusa. Harufu hakuna! Mafuta, vumbi, basi.

Kelebonye, walishe punda wako mwenyewe.

Jumapili, 18 Septemba

Sina nguvu ya kuandika lakini niandike.

Kikao cha ukoo leo. Nyama ya kupondwa, ugali wa mtama, wajomba wote. Mambo yakaenda vizuri: nani atasema nini getini, nani atabeba mablanketi ya zawadi, nani atamshika kondoo. Kisha Shangazi Boitshoko, anakusanya sahani, akauliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Na gari anaendesha nani?"

"Mimi," akasema Modiri. "Si ndimi mjomba?"

Tukatoka nje ajaribu. Akapanda, akarekebisha kioo, akakohoa kama rubani. Akaweka mguu wa kushoto kwenye klachi.

Pedali haikushuka.

Akajaribu tena. Jiwe liliangukia goti hilo mgodini, kule Afrika Kusini, mimi nikiwa bado msichana. Klachi ya zamani alikuwa anaiweza. Hii — nilisikia goti likilia. Yeye hakulia. Alitoa mguu, akafuta usukani kwa mkono wa shati, akasema, "Ina ugeni kidogo."

Wote wakanigeukia mimi. Nimepima sahani. Nimehesabu meno. Nimepima ng'ombe, kondoo, matumbo ya wajomba. Goti la kaka yangu, niliyelala naye blanketi moja utotoni — hilo sikulipima. Nilijaribu kwa mguu wangu, kwa gari ambalo siku hiyo siruhusiwi kuliendesha!

Wajomba wengine wawili hawajawahi kuendesha chochote isipokuwa mkokoteni wa — neno hilo halisemwi nyumbani kwangu. Binamu Odirile ana leseni. Akajaribu. Iliruka mpaka kwenye banda la kuku. Kesho tunakula kuku, hatukupanga. Zibani angeweza, lakini si wa ukoo, na mtu wa nje haingii na mahari.

Kelebonye atacheka mpaka Krismasi. Lakini si hilo. Molefhi na Sethunya wamesubiri miaka mitatu. Mwaka wa nne kwa sababu ya mguu wangu wenye sifa?

Jumanne, 20 Septemba

Zibani kwa wema wake hajasema "nilisema". Amepiga mluzi tu, siku nzima, wimbo mmoja.

Alibadilisha pampu ya juu ya klachi, akaweka nyembamba zaidi. Pedali ikawa laini kama mkate! Modiri akaikanyaga, akatabasamu. Lakini pampu nyembamba inasukuma mafuta kidogo, klachi haifunguki yote. Gia zikapiga kelele kama mbuzi kwenye uzio. Tukarudisha ya kwanza.

Akachomelea bomba, pedali ikawa ndefu. Nyepesi, ndiyo. Sasa goti linagonga usukani. Modiri akakunja kona na goti bila kutaka. Tukakata bomba.

Nimepiga simu Francistown kuomba ile presha ya 550. Ipo. Inafika Jumatano ijayo. Jumatano! Nikamwambia yule kijana ng'ombe wanaingia Jumamosi hii. Akasema pole na hongera, mama.

Alhamisi, 22 Septemba

Leo tuligombana. Modiri alikuwa amekaa kwenye usukani anakanyaga, anakanyaga, jasho linamtoka. Nikamwambia acha, utavunja kilichobaki. Akasema nilinunua klachi ya kumkomoa. Mimi! Nikafungua mlango wa abiria kwa hasira, nikakaa kushoto kwake, nikasema, "Kwani ni mlima huu?" — nikatupa mguu wangu wa kulia kule kwake, juu ya giaboksi, nikakanyaga.

Ikashuka.

Tukatazamana.

"Ishikilie," akasema. Akaweka gia ya kwanza. "Achia."

Pikapu ikaenda. Tukazunguka uwanja, yeye usukani na mafuta na breki, mimi mguu. "Klachi! Achia! Klachi — nimesema klachi, unaota?" "Sema mapema basi, mimi si malaika!" Sauti ile ile ya tulipokuwa tunalima kwa baba, yeye kashika plau, mimi mbele ya maksai. Hata matusi ni yale yale. Mara ya nne tulibadilisha gia bila kuruka. Modiri akacheka, sijamsikia hivyo tangu msiba wa mume wangu.

Nikasema, lakini mimi siendi ukweni, haifai. Shangazi Boitshoko, mlinzi wa mila wa ukoo huu, mwanamke aliyemtoza mtu mbuzi kwa kukaa kiti kisicho chake, alisugua kidevu.

"Wewe huendi," akasema. "Mguu wako ndio unaokwenda."

Mpango: mimi nakwenda mpaka kwenye mgunga wa mwisho, kabla ya boma lao. Hapo mchanga unaisha. Nashuka, najificha. Modiri anaweka gia ya kwanza gari likiwa limezimwa, anapiga ufunguo, linaondoka lenyewe bila klachi. Anaingia taratibu kama mfalme. Akifika zizini anazima. Nani atajua?

Jumamosi, 24 Septemba

Niko ukweni! Sipaswi kuwepo — nipo. Naandika chini ya mablanketi ya zawadi, tochi ya simu mdomoni. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mchanga tumeuvuka. Wote! Kilomita kumi na nane, ng'ombe wanne nyuma wanalalamika, wajomba wawili juu ya mizigo wanasali. Harufu hakuna. Ile sehemu ya punda tuliipita kwa gia ya pili, Modiri akapiga honi. Klachi, nakuomba radhi kwa yote niliyokusema.

Lakini kwenye mgunga — Kelebonye! Amesimama na kurunzi, na punda wanne, wamevishwa kamba tayari. "Tumekuja kuwapokea wageni!" Modiri akanong'ona, "Lala!" Nikalala. Akanirushia mablanketi yote. Mguu ukabaki nje, peke yake, juu ya pedali.

Kelebonye akatangulia kwa miguu kutuonyesha njia. Akageuka: "Modiri! Mbona gari linaruka?"

"Lina furaha, mzee."

Sasa tuko nje ya zizi. Modiri amezima gari. Wanaume wetu wamechuchumaa getini, wanasubiri kuitwa, ndivyo ilivyo. Na Kelebonye anawachelewesha kwa makusudi! Nasikia. Ameuliza hali ya kila mtu nyumbani. Ameuliza hali ya mvua, na mvua haipo. Sasa anauliza mama wa bwana harusi hajambo?

"Hajambo," amejibu Modiri. "Yuko nyumbani. Amepumzisha miguu."

Mbingu imeanza kupauka. Trela lazima lirudi kinyumenyume mpaka mlangoni mwa zizi, ng'ombe washuke ndani kwa wale wanne wa jirani, kabla jua. Harakisheni!

Kuna mtu nyuma ya trela. Hatua laini. Si mwanaume. Anahesabu kwa kunong'ona — mmoja, wawili. Anapapasa. "Huyu mnene," anasema peke yake.

Anakuja upande wangu.

Amefungua mlango. Ameinua blanketi. Tumetazamana, uso kwa uso, yeye na shali yake, mimi na tochi mdomoni. Mama yake Sethunya! Naye haruhusiwi hapa. Mama wa binti hukaa ndani mpaka aitwe.

"Nimekuja kuona ng'ombe tu," amesema haraka, kana kwamba ni mimi niliyemfumania.

Akautazama mguu wangu. Akaufuata mpaka kwenye pedali. Nikaona akipiga hesabu, kichwani, pole pole — ni mwanamke kama mimi huyu, anahesabu!

"Kumbe ni wewe unayeruka?"

"Ni mguu tu, mama. Mimi niko nyumbani."

Akaweka mkono mdomoni. Mabega yanatikisika. "Basi na mimi," akasema, "niko jikoni."

Sauti. Wameruhusiwa! Wanakuja wote, upande huu huu. Hawezi kushuka, watamwona. Nimemvuta. Amepanda. Tumefunikwa, ananuka moshi na uji mchachu, kiwiko chake kiko mbavuni kwangu. Huyu atakuwa mkwe wangu mpaka kufa, na tunaanzia hapa.

Modiri amepanda. Ameona rundo limenenepa. Amerudisha kona ya blanketi iliyoanguka, Mungu ambariki. Klachi — nimekanyaga. Amewasha. Ameweka rivasi.

Mashariki pamekuwa pekundu. Dakika chache tu.

Kelebonye yuko mbele ya gari. Anasema: "Ngoja Modiri, nipande hapo kushoto nikuelekeze. Usije ukatuvunjia zizi." Anazunguka. Nasikia makubazi yake. Modiri anasema hapana mzee, nafasi imejaa mablanketi. Kelebonye anasema atayashika yeye.

Mkono wake uko kwenye kitasa.

Mama Sethunya amenisogelea sikioni. Anauliza: hii kitu, ukiiachia ghafla, inaruka kiasi gani?

Nimemwambia: kiasi cha kumwacha mtu ameshika hewa.

"Basi achia," amesema.